Mkono wa Kushoto Umepungua

Wiki iliyopita niliwaambia jinsi nilivyotia saini karatasi ya kumtoa shangazi yangu kwenye chumba alichoishi zaidi ya miaka arobaini. Mmoja wenu ameniandikia kwamba mimi ni nyoka. Mwingine amesema nina roho ya kutu. Sikatai. Ila someni ya leo kwanza, kisha mnitafutie jina baya zaidi, maana mimi mwenyewe nimelitafuta nimelikosa.

Kwa aliyeingia leo: baba yangu, fundi cherehani, amefariki; mama alimtangulia. Nimerudi mji niliozaliwa baada ya miaka kumi na tisa na kumkuta kaka yangu ameshapata mpangaji wa nyumba nzima, mfanyabiashara wa magodoro. Mbele ni karakana ya baba. Nyuma ni chumba cha shangazi, dada yake baba, aliyemshonea matundu ya vifungo maisha yake yote.

Mwenye Magodoro alitaka nyumba tupu, na alitaka saini za watoto wote wawili wa marehemu. Ni mtu mwoga wa kesi. Alisema haingizi hata mto kwenye nyumba yenye ugomvi wa ukoo. Kaka akatia saini yake, na mimi nikatia yangu bila hata kuketi. Ndoa yangu ilishavunjika, na nusu ya nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichotegemea kuzeekea. Shangazi akapewa hadi Jumamosi, saa sita mchana.

Mtaniuliza kama sikuona huruma. Sikuona. Nilikuwa namchukia.

Nikiwa na miaka sita nilianguka uani, nikachubuka goti, nikamkimbilia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, nikaita, "Mama!" Ulimi uliteleza tu, kama unavyowateleza watoto wote. Akaninasa kofi lililonizungusha. "Usiniite hivyo tena!" Mbele ya baba, mbele ya wateja wawili. Mama, mke wa baba, ndiye aliyekuja kuniokota. Kofi hilo nimetembea nalo miaka thelathini na mitano, na siku niliposhika kalamu ya kaka nililikumbuka, na mkono ukawa mwepesi.

Sasa Jumamosi yenyewe.

Saa tatu asubuhi nilikuwa karakanani natoa makorokoro. Kaka amesimama mlangoni, simu sikioni, anawaelekeza watu wa magodoro njia. Wanaofanya kazi ni mimi na Mzee Pasi. Huyu alipiga pasi nguo zote zilizotoka kwa baba tangu sijazaliwa. Kidole gumba chake hakina mistari tena, pasi imeifuta.

"Breki, hizo droo usizipekue. Mwaga tu."

Breki ni mimi. Nafundisha udereva, na gari la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Tangu kaka ajue hivyo hajaniita jina jingine.

"Naangalia kama kuna cha maana," nikasema.

"Cha maana ni nyumba. Mengine takataka."

Droo ya mwisho ya meza ya kukatia ilikuwa imekwama. Nikaivuta, ikagoma. Nikaipiga teke. Ikachomoka, na nyuma yake likadondoka daftari refu lenye jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha lastiki.

"Kitabu cha vipimo," Mzee Pasi akasema. Akanyoosha mkono. "Hicho nipe mimi, mwanangu."

"Cha nini?"

"Nikakichome."

Mtu ambaye hajawahi kuniomba hata maji ya kunywa, leo anaomba daftari akalichome. Nikapanda juu ya meza, nikakaa, nikalifungua.

Baba hakuandika majina ya watu. Aliandika mtu ni nani. "Mwalimu wa hesabu, kifua 38." "Mke wa mpiga picha, kiuno 29." Ukurasa mwingine, miaka mitatu baadaye: "Mke wa mpiga picha, kiuno 34, asiambiwe." Nikacheka peke yangu. Ndivyo alivyokuwa baba. Ukienda kuchukua nguo unaambiwa njoo kesho. Ukienda kesho unaambiwa vimebaki vifungo tu, na kitambaa chako bado kimekunjwa vile vile ulivyokileta. Alidanganya mji mzima kwa miaka hamsini, na mji ukazidi kurudi, kwa sababu nguo yake ikitoka ilikukaa.

Kurasa za nyuma zilikuwa za watu wa nyumbani. "Mke wangu." "Mwanangu," yaani kaka, suruali na shati za shule kila mwanzo wa mwaka. "Dada," yaani shangazi. Halafu "Mpwa."

Nikajitafuta. Sikujiona. Nikarudi nyuma, nikaanza upya na kidole. Mke wangu, Mwanangu, Dada, Mpwa. Mwaka uliofuata, hao hao. Mwaka mwingine, hao hao.

Nitasema ukweli, kilichonishika kwanza ni wivu. Baba alinishonea sare za shule kwa mikono yake, kumbe hakuona haja hata ya kuniandika? Na huyu mpwa anayeshonewa gauni kila mwaka ni nani? Mpwa ni mtoto wa dada yako. Baba alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo hakuolewa wala hakuzaa. Ndivyo nilivyoambiwa.

"Mzee Pasi, baba alikuwa na mpwa?"

Alikuwa anakunja waya wa pasi. Akaukunjua, akaanza kuukunja tena.

"Mwanangu, watu wana wapwa wengi."

"Yeye dada yake ni mmoja."

"Basi labda alikosea kuandika."

"Baba? Kwenye kitabu cha vipimo?"

Akauinamia waya wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatuliza wateja waliokuja juu: fundi atakudanganya siku ya kuchukua nguo, lakini kipimo hawezi kukidanganya, ataharibu kitambaa.

Nikausoma mstari wa mpwa. Darasa la kwanza, gauni la shule, mikono yote miwili 15. Darasa la pili, mkono wa kulia 16, wa kushoto 15 na nusu. Pembeni, kwa penseli: "Mkono wa kushoto umepungua. Kata kila mkono kwa kipimo chake, asichekwe."

Nilivunjika mkono wa kushoto nikiwa darasa la kwanza. Nilidondoka kutoka kwenye ukuta wa shule. Mfupa ukaunga vibaya, na mkono ukagoma kukua sawa na mwenzake. Hadi leo nikishika usukani mkono huu unanyooka wote kabla ya ule. Wanafunzi wangu hawajui. Nguo za dukani zinajua.

Nikafunua haraka haraka hadi mwisho. Mstari wa mwisho wa mpwa ulikuwa wa miaka kumi na tisa iliyopita. "Mpwa, gauni la harusi. Kulia 22 na nusu, kushoto 21."

Gauni hilo nililivaa mimi.

Mzee Pasi akaacha waya. "Nilikuambia nikakichome," akasema.

Sikumbuki nilivyoshuka mezani. Nakumbuka korido, na mlango wa shangazi ulioegeshwa, na begi moja limesimamishwa juu ya kitanda kisicho na shuka. Alikuwa ameketi pembeni ya begi, miwani puani, tepu shingoni, anashona tundu la kifungo kwenye shati jeupe.

"Saa sita bado," akasema bila kuinua macho. "Namalizia hili. Baba yako alimwahidi mwenye shati kwamba ni kesho."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

Siku nyingine ningecheka. "Shangazi, mpwa wa baba ni nani?"

Sindano ikasimama katikati ya kitambaa.

"Umekipata wapi?"

Hakuuliza mpwa gani. Hakuuliza nazungumzia nini. Umekipata wapi.

"Nijibu."

"Kamuulize kaka yako. Ninyi ndio wenye nyumba."

Nikamnyooshea mikono yote miwili mbele ya uso. "Nipime."

"Nina kazi."

"Tepu iko shingoni kwako. Nipime!" Nilikuwa nafoka, kama ninavyomfokea mwanafunzi anayeiacha barabara na kufuata mtaro.

Hakuigusa tepu. Aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto.

"Ishirini na mbili na nusu," akasema. "Kushoto ishirini na moja. Aliyeandika ni baba yako. Aliyepima ni mimi."

Ni kweli. Kila mwanzo wa mwaka nilisimama juu ya kigoda, yeye akapima na baba akaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ya mwaka aliyonigusa. Alininyoosha mkono, akanizungusha, akapitisha tepu kifuani taratibu, akaipitisha tena, na baba akamwambia, "Inatosha, dada." Mimi nilidhani anamharakisha kwa sababu ya wateja.

"Kwa nini?" nikauliza. Swali jingine sikuwa nalo.

Akavua miwani. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Aliyenipa mimba alihama mji kabla tumbo halijaonekana, na sitaki kumzungumzia. Baba yako akaniita hapo mbele, akafunga mlango. Akasema mtoto ataandikwa wake na mkewe, atasoma, atakuwa na heshima zake. Akasema na mimi nitaishi hapa hapa, nimuone akikua. Ila siku nitakayoitika nikiitwa mama, ndiyo siku ya kutoka."

"Na mimi nikakuita."

"Ukaniita. Na yeye kasimama pale, mkasi mkononi, ananitazama kama nitaitika." Akakata uzi kwa meno. "Ningeitika, ningelala njiani siku ile ile. Ningekukosa. Nikakupiga. Nikabaki."

Nilitaka kulia, hasira ikatangulia. "Si ungeniambia baadaye! Nimeolewa, nimeondoka, baba amekufa, kuna wa kukufukuza tena?"

"Yupo," akasema. "Ulikuja na kaka yako, kalamu mkononi. Ningekuambia saa ngapi?"

Wasomaji wangu, nimetukanwa na polisi wa barabarani, nimetukanwa na mume, nimetukanwa na mama wakwe wawili, wangu na wa jirani. Hakuna aliyewahi kunipata kama alivyonipata mwanamke yule kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikatoka mbio.

Lori lilikuwa limeshafika. Magodoro yamepangwa hadi juu, Mwenye Magodoro mwenyewe amesimama kivulini, bahasha ya karatasi zetu kwapani. Nikamshika kaka shati.

"Ile karatasi naifuta. Shangazi haondoki."

"Breki kapiga breki," kaka akasema kwa sauti. Mwenye Magodoro akacheka bila kujua anachocheka.

Nikamfungulia kaka daftari, nikamwekea kidole kwenye mstari. Nilitegemea ashtuke. Akausoma, akalifunga, akanishika kiwiko na kunivuta ndani ya mlango.

"Nilikuwa na miaka mitano ulipozaliwa," akasema kwa upole. "Unafikiri sikuona tumbo lilikuwa la nani?"

"Ulijua."

"Mama alijua, Mzee Pasi alijua. Asiyejua ni wewe tu."

"Ulijua, na ukanipa kalamu nimtoe mama yangu!"

"Nilikupa kwa sababu vyeti vinasema wewe ni mtoto wa baba. Sasa tulia, usikie." Akaanza kunieleza kama anamwelekeza mgeni njia. "Ukiwa mtoto wa baba, umeshasaini, na saini ina muhuri. Shangazi anatoka, wewe unabaki na nusu yako, tunaendelea kuitana kaka na dada. Ukiwa mpwa, nusu hiyo huna. Huna hata kigoda. Wewe ndiye unayejua maisha yako huko yakoje."

Aliyajua vizuri. Nilimsimulia mwenyewe, siku ya msiba, nikilia begani kwake.

"Ndiyo maana ulitaka nitie saini kabla sijafungua droo."

"Ndiyo maana nilikwambia usizipekue," akajibu, na akarudi zake kwenye lori.

Nikabaki pale mlangoni. Nitakiri na hili, maana nimeanza kukiri siwezi kuishia katikati: nilifikiri. Sikuruka kumtetea mama yangu. Nilisimama nikaifikiria nusu yangu. Nikafikiria chumba changu cha kupanga, na mgongo wangu ambao hautakubali kukaa garini miaka kumi mingine. Nikajiambia naweza kunyamaza leo, nikamchukua kimya kimya, tukaishi naye huko kama shangazi. Nani angejua? Nilikuwa naipenda sana akili hiyo, hadi nilipoona ni akili ya baba tupu.

Saa sita kasoro alitoka. Begi mkono mmoja, shati limekunjwa mkono wa pili. Akampa Mzee Pasi.

"Lipige pasi. Mwenyewe akija mwambie liko tayari."

"Nimwambie aje kesho?" Mzee Pasi akamtania, machozi yanamtoka.

"Mwambie liko tayari."

Akapita mbele ya kaka, hakumtazama. Akapita mbele yangu, hakunitazama. Akashuka ngazi, akaanza kuifuata barabara, tepu bado inaning'inia shingoni. Alisahau kuivua.

"Shangazi!" nikaita.

Hakusimama.

Nikavuta pumzi. "Mama!"

Akasimama. Wapagazi wa magodoro wakasimama. Hata yule aliyekuwa juu ya lori akajishika.

"Mama?" Mwenye Magodoro akamgeukia kaka. "Si mliniambia ni shangazi yenu?"

"Ulimi umemteleza. Ana uchungu wa msiba."

"Haujateleza," nikasema, na nikasema kwa sauti ya barabarani ili kusiwe na wa kusema hakusikia. "Mimi si mtoto wa mwenye nyumba. Ni mtoto wa huyu. Kitabu hiki hapa. Saini yangu kwenye hiyo bahasha ni ya mpwa, haina kazi."

Mwenye Magodoro akainua mkono kwa wapagazi. "Msishushe." Halafu akatembea hadi kwa shangazi, akamwinamia kidogo, akamwita kama tunavyomwita kila mwanamke mtu mzima, bila kufikiri wala kulipia. "Mama, nisamehe. Mimi sitaki kesi. Eti huyu ni mwanao?"

Kaka akawahi. Alisema taratibu, lakini mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Shangazi, jibu tu. Ukisema ndiyo, mwanao anatoka hapa leo mikono mitupu. Ukisema siyo, nusu ni yake."

Aliliweka begi chini. Akageuka, akaja kwangu, hatua za mtu anayekwenda kupima nguo. Nilimwona anainua mkono, na nilijua, na sikukwepa.

Kofi likatua pale pale lilipotua nikiwa na miaka sita.

"Usiniite hivyo tena," akasema.

Kaka akatoa pumzi aliyoibana. "Mmeona wenyewe," akasema. "Haya, shusheni."

Hakuna aliyeshusha. Mwenye Magodoro alikuwa amekodoa macho, hamtazami kaka, hanitazami mimi. Alikuwa anautazama mkono wa shangazi, ambao bado ulikuwa juu ya shavu langu, kidole gumba kinanifuta chozi.

"Mama," akasema polepole, "mbona huutoi mkono?"